Mgeni Asiyekula Ngano

1. Habari kutoka mjini

Kaole ni kijiji cha pwani, kilometa 5 hivi kusini ya mji wa Bagamoyo. Watu wa mbali hukijua kwa ajili ya magofu yake, yaani msikiti wa mawe wa kale, na makaburi yenye nguzo ndefu, yaliyojengwa zamani Kaole ilipokuwa bandari. Siku hizi ufuko wake umejaa mikoko, wala bandari ile haipo tena. Lakini kijiji kingali na watu wake, wavuvi na wakulima na wachuuzi. Waislamu na Wakristo hukaa jirani, nao hupelekeana sinia za chakula, wakati wa Idi na wakati wa Noeli.

Katika nyumba moja ya kijiji hicho walikaa mume na mke, pamoja na binti yao wa miaka 12, na bibi yake, mzaa mama. Mwezi wa Novemba mama wa nyumba alipigiwa simu na kaka yake akaaye Dar es Salaam.

"Dada," akasema yule kaka, "mwanangu atakuja kwenu kula Noeli. Lakini liko neno ambalo sharti ulijue kwanza."

Mama yule alimkumbuka sana mtoto huyo, mvulana wa miaka 11, mwembamba, mfupi kuliko wenzake. Siku za Pasaka alikuwa amekuja Kaole, na bibi yake akampikia maandazi na chapati kwa mikono yake mwenyewe. Mtoto akala kwa furaha. Usiku tumbo likamvimba, akatapika, akaharisha hata alfajiri. Siku ya pili akakataa kula, na bibi akanung'unika akisema ya kuwa watoto wa mjini wana deko.

"Haikuwa deko," akasema kaka. "Tulimpeleka hospitali. Walipima damu yake, kisha wakatazama ndani ya utumbo wake kwa mpira mwembamba wenye taa. Wameona ana ugonjwa uitwao seliaki. Haruhusiwi kula ngano maisha yake yote, hata kidogo."

Mama alipomweleza bibi maneno hayo, bibi alikaa kimya kitambo. Kisha akauliza, "Hata andazi moja la sikukuu?"

"Hata chembe, mama."

"Basi," akasema bibi, "ni mimi niliyemwumiza mjukuu wangu, nikidhani ninampenda." Akajifuta macho kwa upindo wa kanga yake. "Naye safari hii atakula nini? Mgeni hawezi kukaa nyumbani kwangu siku ya Noeli akitazama wenzake wakila."

Swali hilo la bibi lilikuwa swali la haki, na katika nyumba ile likawa kazi ya mwezi mzima.

2. Ugonjwa wenyewe

Yafaa kwanza kufahamu ugonjwa huu ni nini. Ndani ya utumbo mwembamba wa kila mtu viko vinyweleo vidogo sana, visivyoonekana kwa macho matupu. Kazi yake ni kunyonya nguvu ya chakula na kuitia katika damu. Mtu mwenye seliaki akila ngano, mwili wake huidhania ngano ile kuwa adui, ukaanza kupigana. Katika vita hivyo vinyweleo ndivyo viumiavyo. Huchakaa, hulala, hata utumbo ukawa kama shamba lililofyekwa. Hapo mtu hula lakini hashibishwi na chakula chake. Mtoto hakui vizuri, damu humpungua, tumbo humvimba, naye huchoka upesi.

Kitu kiletacho madhara hayo huitwa gluteni. Gluteni imo katika ngano, katika shayiri, na katika nafaka ya nchi za baridi iitwayo rai. Haimo katika mchele, wala mahindi, wala mtama, wala uwele, wala ulezi. Haimo katika muhogo, viazi, ndizi, nazi, maharage, wala njugu.

Ugonjwa huu wajulikana tangu zamani, lakini sababu yake ilifichika muda mrefu. Katika mwaka 1888 daktari mmoja wa London, jina lake Samuel Gee, aliandika habari za watoto wenye ugonjwa huu. Alitambua ya kuwa dawa yao ni chakula, lakini hakujua ni chakula gani kiwadhurucho. Aliyefumbua fumbo hilo ni Willem Dicke, daktari wa watoto katika nchi ya Uholanzi. Wakati wa vita kuu ya pili, katika majira ya baridi ya 1944 na 1945, njaa kali iliingia Uholanzi, na mkate ukawa adimu. Watoto wengi waliteseka. Lakini Dicke aliona ajabu: watoto wake wenye seliaki, wasipopata mkate, walipata nafuu, na mkate uliporudi, ugonjwa wao ukarudi nao. Zamani alikuwa amekwisha kuishuku ngano, na sasa aliamini. Mwaka 1950 akaandika kitabu cha kuyathibitisha hayo.

Watu wengine hufikiri ya kuwa huu ni ugonjwa wa Wazungu tu. Sivyo. Duniani kote wapata kama mtu 1 katika kila watu 100, na wengi wao hawajijui. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 1999 ulionyesha ya kuwa kati ya watoto wa Sahara ya Magharibi, ambao ni Waafrika kama sisi, zaidi ya 5 katika kila 100 walikuwa nao.

Tena yafaa kushika mambo matatu. La kwanza, ugonjwa huu hauambukizi. Mtu aweza kula sinia moja na mgonjwa bila hofu yo yote. La pili, ngano si sumu kwa watu wengine. Asiye mgonjwa na ale mkate wake kwa shukrani. La tatu, mtu aonaye dalili hizi asijitibu mwenyewe kwa kuacha ngano kabla ya kupimwa, maana akiisha kuiacha, vipimo huenda visionyeshe kitu. Na aende hospitali kwanza.

Dawa ya kumeza ya kuuponya ugonjwa huu haipo. Dawa ni kujiepusha na ngano na ndugu zake, siku zote. Mtoto akishika amri hiyo, vinyweleo vya utumbo wake huota tena, naye hukua na kucheza kama wenzake.

3. Gundi ya ngano

Yule binti alipoyasikia hayo alifurahi, kwa kuwa aliona njia nyepesi. "Mama," akasema, "nitapika maandazi ya unga wa mchele, naye hatajua tofauti."

Jumamosi akachukua unga wa mchele, akatia sukari, na hamira, na tui kidogo, akaanza kukanda kama alivyofundishwa kukanda unga wa ngano. Lakini donge halikuvutika. Kila alipolibonyeza lilipasuka kama udongo wa kinamo uliokauka juani. Alipoyatia maandazi yake katika mafuta, mengine yalivunjika, mengine yakanywa mafuta yakawa mazito kama mawe. Binti akaona haya, akayamwagia kuku.

Siku ya Jumatatu akamweleza mwalimu wake habari hiyo. Mwalimu hakumcheka, bali alimwambia alete unga wa ngano na unga wa mchele, kiasi cha konzi moja moja, na mabakuli mawili ya maji. Mbele ya darasa zima akakanda madonge mawili, kila moja kadiri ya yai la kuku, akayaacha nusu saa. Kisha akamwambia binti aoshe donge la mchele katika bakuli la kwanza, akilibonyeza polepole. Donge likayeyuka lote. Maji yakawa meupe, na mkononi hakikusalia kitu.

Ndipo akamwambia mvulana mmoja aoshe donge la ngano katika bakuli la pili. Maji yakawa meupe vilevile, kwa kuwa wanga ulitoka. Lakini mkononi mwa mvulana kilibaki kitu cha rangi ya kijivu, chenye kunata. Akakivuta, kikavutika kama mpira, akakiacha, kikarudi.

"Hicho ndicho gluteni," akasema mwalimu. "Katika lugha ya Kilatini maana ya neno hilo ni gundi. Mtaalamu mmoja wa mji wa Bologna katika Italia, jina lake Beccari, aliosha unga wa ngano kama mlivyofanya ninyi leo, na habari zake zilipigwa chapa mwaka 1745. Andazi la ngano huumuka kwa kuwa gundi hii hufanya kama kibofu. Hamira hutoa hewa, na kibofu huishika hewa isitoke. Mchele hauna kibofu hicho. Ukiukanda kama ngano, utapasuka."

"Basi, mwalimu, hauwezi kuwa mkate kabisa?" akauliza binti.

"Nenda kamwulize bibi yako," akajibu mwalimu, "kwa nini mkate wa kumimina huitwa wa kumimina."

4. Mapishi ya wazee

Bibi alipoulizwa alicheka, mara ya kwanza tangu siku ile ya simu. "Huitwa wa kumimina kwa sababu humiminwa," akasema. "Haukandwi. Mchele hautaki mikono, wataka upawa. Nilipokuwa mtoto, unga wa ngano ulikuwa kitu cha dukani, hatukuuona kila siku. Mchele ulikuwa wetu, na nazi zetu. Tulikula vizuri, wala hatukuona upungufu."

Bibi alisema kweli. Ngano haipendi joto la pwani. Katika Tanzania hulimwa katika nyanda za juu, kama vile Hanang', na nyingine huja kwa meli kutoka nchi za nje. Bali mpunga hulimwa katika bonde la mto Ruvu, karibu na Bagamoyo. Na katika kisiwa cha Pemba wachimbaji wa mambo ya kale wamefukua punje za mpunga zilizokaa ardhini zaidi ya miaka 1000. Mwaka 1331 msafiri Ibn Battuta wa Moroko alifika Mogadishu, akakaribishwa kwa wali uliopikwa kwa samli, na ndizi zilizopikwa kwa maziwa. Basi mgeni wa pwani alikirimiwa kwa mchele na ndizi tangu zamani sana.

Hapo bibi akamfundisha mjukuu wake mkate wa kumimina, na vipimo vyake ni hivi:

Mchele, vikombe 2.
Tui zito la nazi, kikombe 1 na nusu.
Sukari, robo tatu ya kikombe.
Hamira, kijiko kidogo 1.
Iliki 6, zilizomenywa na kutwangwa.
Ute wa yai 1.
Samli au mafuta kidogo ya kupaka chomboni.

Mchele huchaguliwa, huoshwa, ukalowekwa usiku kucha. Asubuhi humwagwa maji yake, ukasagwa pamoja na tui mpaka uwe laini kabisa. Ukiupitisha kati ya vidole usisikie chenga. Asiye na mashine autwange katika kinu, auchekeche, kisha autie tui. Rojo lake liwe zito kiasi cha kumiminika polepole, kama uji mzito. Likiwa jepesi sana mkate hukaa chini, likiwa zito sana hupasuka. Hutiwa hamira na iliki, likafunikwa mahali penye joto kwa muda wa saa moja hivi, hata liumuke na kutoa mapovu. Sukari na ute wa yai uliopigwa hutiwa mwisho, na kukorogwa kwa upole.

Chombo hupashwa moto kwanza, kikapakwa samli, ndipo rojo humiminwa. Moto wa chini uwe mdogo. Kando zikianza kushika na vitundu vikionekana juu, chombo hufunikwa, na makaa ya moto hupangwa juu ya mfuniko. Hivyo mkate hupata moto juu na chini, na nyumba isiyo na tanuri hupata tanuri. Baada ya dakika 20 au 30 huchomwa kwa kijiti kikavu. Kijiti kikitoka safi, mkate umeiva. Usikatwe ungali wa moto, maana utabomoka. Wanga wa mchele ukipata moto huvimba na kushikana, ukazizuia zile hewa mahali pake. Lakini kazi hiyo haiishi mpaka mkate upoe.

Bibi alimfundisha pia vitamu vingine viwili. Ndizi mbivu za tui hupikwa kwa ndizi zilizoiva lakini zilizo ngumu bado, zikakatwa na kuchemshwa katika tui jepesi. Kisha hutiwa tui zito, sukari na iliki, zikaachwa juu ya moto mdogo zisipondeke. Na kashata za nazi hufanywa kwa sukari iliyochemshwa kwa maji kidogo mpaka ivutike kama uzi. Hutiwa nazi iliyokunwa na iliki, hukorogwa mpaka zishikane, zikatandazwa katika sinia iliyopakwa samli, na kukatwa zingali za moto. Watu wengine hutia unga wa ngano katika kashata ili zishikane upesi. Bibi akasema, "Sisi hatutii. Sukari ikiiva sawasawa yatosha."

5. Chombo nacho ni chakula

Binti alidhani kazi imekwisha, lakini mama akampigia simu kaka yake tena, naye akawaongezea jambo ambalo wengi hawalifikiri. Haitoshi chakula kiwe cha mchele. Sharti na chombo kiwe safi na ngano. Mafuta yaliyokaangiwa maandazi yana chembe za ngano ndani yake; ukikaanga kitu cha mchele katika mafuta hayo, umempa mgonjwa ngano. Chekeche lililochekechea ngano huficha unga katika nyuzi zake, hata likioshwa. Mwiko wa mti wenye nyufa ni hivyo hivyo. Kinu cha mashine kijijini husaga ngano ya huyu na mchele wa yule, na unga wa kwanza hubaki ndani ukachanganyika na wa pili.

Basi mama akanunua chekeche jipya na mwiko mpya. Masufuria yakasuguliwa kwa mchanga na sabuni, yakasuuzwa mara mbili. Mchele haukupelekwa mashineni, ulitwangwa nyumbani. Tena mama akakata shauri ya kuwa vitamu vyote vya Noeli mwaka ule visiwe na ngano kabisa. "Mgeni akipewa sahani yake peke yake pembeni," akasema, "atashiba tumbo lakini moyo utakuwa na njaa. Tule kimoja sote."

Baba naye alikuwa na kazi yake. Mtoto yule alikuwa amekwisha kupokea Komunyo ya kwanza, na hostia hufanywa kwa ngano. Kwa hiyo juma moja kabla ya sikukuu baba alikwenda Bagamoyo kumwona padre. Padre akamtuliza. Akamweleza ya kuwa mwaka 2003 barua ilitoka Roma, yenye kusema ya kuwa Mkristo asiyeweza kupokea hostia kwa ajili ya ugonjwa huu aruhusiwa kupokea kwa umbo la divai peke yake. "Nitamwekea kikombe chake mbali," akasema padre, "kisiguswe na hostia. Na aje bila hofu."

6. Sinia ya jirani

Siku ya Noeli ikafika. Mgeni alikuwa amekuja jana yake, naye alikuwa ameongezeka kimo na mashavu yamejaa. Asubuhi wote walikwenda kanisani Bagamoyo, wakarudi kwa furaha. Mkate wa kumimina ulikuwa umepoa juu ya meza, mweupe ndani na hudhurungi juu. Pilau lilikuwa likiiva.

Mara ikasikika hodi mlangoni. Alikuwa jirani yao, mama Mwislamu aliyejulikana Kaole nzima kwa upishi wa vitumbua. Kila mwaka aliwaletea sinia siku ya Noeli, kama wao walivyompelekea yeye siku ya Idi. Akaweka sinia chini, akaondoa kawa, na harufu ya iliki ikajaa chumba.

"Karibu, baba," akamwambia mgeni. "Wewe ndiwe mkubwa wa leo. Kula kabla havijapoa."

Mtoto akatazama vitumbua, akamtazama binti. Aliona haya kuuliza, kwa kuwa alikuwa mgeni, na aliyempa alikuwa mtu mzima. Mkono wake ukaenda polepole kwenye sinia.

Binti akamwinamia bibi yake, akanong'ona, "Bibi, yafaa tuulize kwanza."

"Vitumbua ni mchele, mjukuu wangu," bibi akanong'ona. "Tangu lini vitumbua vikatiwa ngano? Usimtahayarishe jirani mbele ya watu kwa zawadi yake."

Moyo wa binti ulimdunda. Kunyamaza kulikuwa rahisi, nako kulifanana na adabu. Lakini alikumbuka usiku wa Pasaka, jinsi mtoto yule alivyojikunja kitandani akilia. Akapiga magoti mbele ya jirani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Mama, tunashukuru sana kwa zawadi yako. Naomba radhi, nataka kuuliza. Ndugu yangu huyu anaumwa ugonjwa, hawezi kula ngano hata chembe. Vitumbua hivi vimetiwa mchele peke yake?"

Jirani akashika kinywa chake. "La hasha, mwanangu! Nimetia ngano. Konzi moja tu, ili rojo lishikane. Sasa wengi wetu wauzaji hufanya hivyo." Kisha akamgeukia mgeni, akaushika mkono wake na kuurudisha kwa upole. "Baba, usile. Nisamehe, sikujua."

Chumba kikawa kimya. Bibi alimtazama mjukuu wake wa kike, akatikisa kichwa. "Mara ya pili," akasema polepole, "nilikuwa karibu kumwumiza tena mara ya pili, kwa kuwa nilidhani ninajua."

Jirani hakukasirika hata kidogo. "Umefanya vema kuniuliza," akamwambia binti. "Kama angaliugua kwa vitumbua vyangu, ningalilia mwaka mzima. Aibu ingalikuwa ile, si hii." Akakatazwa kuondoka, akakaa, akakatiwa kipande cha mkate wa kumimina. Alipouonja akasema, "Huu ni mkate wa mama zetu," akaomba kingine. Sinia ya vitumbua ikafunikwa na kuwekwa chumba kingine, wakaja kula watoto wa jirani baadaye. Watu wakanawa mikono, ndipo mgeni akakatiwa kipande kikubwa kuliko vyote.

Wakala sote pamoja: pilau, na kuku, na mkate, na ndizi za tui, na kashata. Mtoto akala kama wenzake, wala hakuna aliyemwuliza kwa nini hali hiki au kile. Usiku ule akalala fofofo. Bibi aliamka mara mbili kumsikiliza pumzi zake, akarudi kulala.

Siku ya pili asubuhi jirani akabisha hodi tena, amebeba bakuli lililofunikwa. Ndani yake mlikuwa na vitumbua 6. "Mchele mtupu," akasema, "na mafuta mapya, na kikaango nimekisugua mpaka mikono imeniuma. Havikunyanyuka sana, lakini ni salama."

Mtoto akavila vyote.

Wazee husema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Siku hiyo wenyeji walipona kwa njia mbili. Walikumbuka chakula chao wenyewe, ambacho karibu walikisahau. Tena walijifunza ya kuwa kumpenda mgeni si kumjazia sahani tu, bali ni kuuliza kwanza kimfaacho.

Maswali

1. Kwa nini bibi alisikitika aliposikia habari za ugonjwa wa mjukuu wake?
2. Taja nafaka tatu zenye gluteni, na vyakula vitano visivyo nayo.
3. Daktari Dicke aliona jambo gani katika majira ya baridi ya 1944 na 1945?
4. Osheni donge la ngano na donge la mchele kama darasa lile lilivyofanya. Andikeni mlichokiona.
5. Kwa nini mkate wa mchele humiminwa wala haukandwi?
6. Eleza njia tatu ambazo ngano yaweza kuingia katika chakula cha mchele bila mpishi kujua.
7. Bibi alisema, "Usimtahayarishe jirani." Je, binti alimkosea bibi adabu kwa kuuliza? Toa sababu zako.
8. Mwulize mzee wa nyumbani kwenu vitamu gani vilipikwa zamani bila unga wa ngano, ukaandike namna ya kupika kimoja.